Godoro la Mkwe, Kupitia Mkula

Somanda, Bariadi
2 Februari 2025

Mwanangu Harieth,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeshiba maharage, na unaamka kwa kengele bila kumwagiwa maji. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha mara mbili, pamba za watu zimefika magotini, na mbuzi wa jirani yetu Hemed wamekula mchicha wangu kwa mara ya tatu. Hemed amekuja kuomba radhi kwa mara ya tatu. Mimi na yeye tumeshazoea, ni mchicha tu ambao bado haujazoea.

Salamu pia kwa Mwalimu Domitila, ambaye najua anazisoma barua hizi kabla yako. Mwalimu, kama umenizidi umri, shikamoo. Kama hujanizidi, habari za kazi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Bibi yako amefika kutoka Bukundi. Ule mguu aliosema "umekwaruzwa na mwiba kidogo" una kidonda cha miezi minne. Daktari wa hapa amesema ni sukari. Kidonda kisafishwe hospitalini kila baada ya siku moja, kwa miezi mitatu au minne, la sivyo mguu utakatwa chini ya goti. Kutoka kwetu hadi hospitali ni dakika tano. Kutoka Bukundi ni siku nzima. Hesabu ilikuwa rahisi, hata mimi niliiweza.

Tulichosahau ni paa. Unaijua nyumba yetu ya serikali: vyumba viwili na sebule, vyote chini ya bati moja. Bibi alishuka, akaketi kwenye kigoda uani, akamwuliza Hemed, maana mimi haniulizi kitu, "Mkwe wangu atalala wapi?" Hemed akajibu, "Chumbani kwake, mama." Bibi akasema, "Basi mimi nitalala hapahapa." Akakaa hapo mpaka nyota zikatoka. Kwake yeye mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja, na tangu mama yako atutoke, miaka mitatu sasa, nilidhani mambo haya yangelegea. Ameyakaza.

Kwetu Tukuyu ni mke anayemkimbia baba wa mumewe. Nimekua nikiona wanawake wazima wakiruka mitaro ili wasikutane na babu yako. Nilikuwa nacheka. Sasa zamu yangu imefika.

Gesti kwa miezi minne siiwezi. Hemed ana vyumba viwili na watoto saba. Kwa hiyo nikasema kwa sauti, nikiuangalia mpapai wa hapo uani, "Mimi nitalala kwenye gari." Bibi naye akauambia mpapai uleule, "Gari si nyumba." Akaingia ndani akalala.

Gari unalikumbuka: lile dogo la umeme nililonunua kwa mtaalamu wa mradi aliyekuwa anahama, ambalo Hemed analiita simu ya magurudumu. Kwa kulala lina sifa. Feni inazunguka usiku kucha bila injini wala moshi. Ila viti vya nyuma ukivilaza vinaacha ngazi katikati, na mgongo wangu, ule wa ajali ya pikipiki, hauelewani na ngazi. Habari ya mgongo usimwambie bibi.

Nahitaji godoro la kujaza upepo. Duka moja la Mwanza lina aina tatu. La kwanza ni nene, sentimita thelathini, kama kitanda kamili. La pili limetengenezwa kwa ajili ya gari, unene sentimita kumi, na lina miguu miwili ya upepo ya kujaza lile shimo la nyuma ya viti vya mbele. La tatu ni jembamba, lina sponji ndani na linajijaza lenyewe. Wewe ndiye mwanasayansi wa nyumba hii. Chagua. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi.

Jambo la mwisho. Bibi ameuambia mpapai kwamba maneno ya mkwe na mama mkwe hayapiti kwa jirani, yanapita kwa mjukuu. Mjukuu yuko shuleni Mkula. Kwa hiyo akiwa na neno nami, Hemed ataliandika, litafungwa, litapanda basi hadi kwako, nawe utaniandikia. Kutoka mlango wake hadi mlango wa gari ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu.

Baba yako,
Lusajo


Mkula
11 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Maharage hayajambo pia, nayaona kila siku. Wiki iliyopita nilichaguliwa kusoma tangazo mbele ya shule nzima. Mwalimu Domitila amesema nilisikika vizuri mpaka mwisho wa mstari wa kwanza. Tangazo lilikuwa na mistari tisa.

Pole na kazi, na mpe pole bibi. Samahani, siyo wewe umpe. Nitampa mwenyewe, kupitia basi.

Kuhusu godoro, nilikwenda maktaba kwanza. Kitabu pekee kinachozungumzia magodoro ni cha maarifa ya nyumbani, kizee kuliko wewe, nacho kinashauri godoro ligeuzwe kila Jumamosi na kuanikwa juani. Nimeona nikujulishe.

Kisha nikafanya hesabu. Wewe una sentimita 184. Nafasi ya nyuma ina urefu wa 172. Kwa hiyo ukilala umenyooka, sentimita kumi na mbili za baba yangu zitabaki nje, na huku Simiyu kuna fisi. Lakini upana ni 98. Ukilala mshazari, kutoka pembe hadi pembe, kwa kanuni ya pembetatu mraba unapata 198. Unabakiwa na sentimita kumi na nne za kuotea ndoto.

Ngazi ya viti ina kimo cha sentimita kumi na mbili. Godoro la sentimita kumi halitaimeza. La tatu, jembamba, litakuwa shuka tu lenye jina kubwa. Kwa hiyo chagua la kwanza, la sentimita thelathini. Nimeirudia mara tatu hesabu hii na haina kosa.

Bibi ameniandikia. Anauliza kwa nini ukitoka garini asubuhi hukohoi. Anasema mkwe mwenye adabu hukohoa kabla ya kufungua mlango ili mama mkwe ageuze uso. Anasema pia feni ya gari lako inasikika kama mtu anayesengenya.

Mwanao,
Harieth


Somanda
2 Machi 2025

Mwanangu Harieth,

Hujambo? Huku tunaendelea. Mbuzi wa Hemed sasa wanakula mapapai yaliyoanguka, kwa hiyo mpapai umeanza kupoteza heshima yake kama mshenga. Bibi amekwenda kusafishwa kidonda mara kumi na nne bila kukosa. Nampeleka mwenyewe. Yeye anakaa nyuma, Hemed amening'iniza kanga katikati, na tunafika hospitalini kama bibi harusi na dereva.

Nimeanza kukohoa. Nakohoa kabla ya kufungua mlango. Yeye anakohoa kabla ya kwenda chooni. Mimi nakohoa kumjibu kwamba nimesikia. Jana mpita njia alisimama barabarani akatushauri sote wawili tukapime kifua.

Godoro la sentimita thelathini lilifika kwa basi. Hesabu yako haina kosa, mwanangu. Ni kweli lilimeza ngazi. Ni kweli nililala mshazari. Kitu kimoja tu hatukukifikiria, na hapa lawama tugawane: mimi sikuandika kimo cha kutoka kwenye viti hadi paa la gari, wewe hukuniuliza. Ni sentimita sitini na nane. Toa thelathini. Zilizobaki zinatosha mtu aliyelala chali na asiye na nia ya kugeuka. Nilipotaka kulala ubavu, bega liligonga paa. Nililala usiku mzima nikiwa nimenyooka, pua ikisoma maandishi ya taa ya ndani, kama barua kwenye bahasha. Asubuhi Hemed alinivuta kwa miguu.

Na sasa kuna kesi nyingine. Gari huchajiwa usiku. Waya unatokea kwenye dirisha la chumba cha bibi, kwa sababu Hemed, ambaye ni fundi umeme na kwa umeme peke yake namwamini, anasema soketi hiyo tu ndiyo inayoweza kubeba mzigo ule. Juzi bibi alitoka na fimbo yake, akaufuata waya kutoka dirishani hadi kwenye gari, akausimamia kidogo, kisha akarudi ndani. Asubuhi iliyofuata nikaikuta karatasi hii juu ya boneti. Naiambatanisha. Sijaisoma. Hemed aliiandika akicheka, naona herufi zinatikisika.

Baba yako


Mkula
9 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kuvutwa. Mimi nimepata alama themanini na moja kwenye fizikia. Zile kumi na tisa nilizokosa naomba tusizizungumzie.

Nimeisoma karatasi. Naandika neno kwa neno kama alivyosema: "Mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo ya nyumba ni mbuzi wa nyumba hiyo. Gari lililofungwa kwa kamba kwenye dirisha langu ni chumba cha nyumba hii. Kwa hiyo siku zote hizi nimelala nyumba moja na mkwe wangu na hakuna aliyeniambia. Nimeaibika mbele ya watu waliokufa."

Nimelifikiria sana jambo hili. Nimeuliza wenzangu wawili bwenini bila kutaja majina. Mmoja alisema waya si kamba. Mwingine, wa kutoka Meatu kama bibi, alisema kinachopita ndani ya waya ndicho kinachohesabika, na umeme ni mali ya nyumba. Naona huyo atakuwa hakimu. Ushauri wangu: chaji jioni, uchomoe waya kabla hujalala. Gari likiwa limechomolewa ni gari. Likichomekwa ni chumba. Bibi akikubali, sheria hii tutaiita kwa jina lake.

Kuhusu godoro, chukua la pili, la sentimita kumi lenye miguu miwili. Ile ngazi itatokeza sentimita mbili tu, uweke blanketi. Mwalimu Domitila ameandika pembeni ya barua yako, kwa kalamu nyekundu, "La pili." Hakueleza zaidi. Nadhani naye ana mkwe.

Nimemwandikia bibi pia. Salamu tu.

Mwanao,
Harieth


Somanda
30 Machi 2025

Harieth,

Salamu. Huku ni wazima.

Sheria ya waya imekubaliwa. Kila jioni nakaa kwenye kigoda uani kuanzia saa kumi na moja hadi saa nne, nikisubiri namba zipande kwenye kioo cha gari ili niruhusiwe kwenda kulala. Waendesha bodaboda wanaopita wananiuliza kama simu imejaa.

Godoro la pili lilifika. Ni zuri. Miguu yake imeingia shimoni vizuri. Lina tundu. Naingia kulala nikiwa juu ya upepo, na katikati ya usiku najikuta juu ya chuma. Najaza tena kwa pampu ya kuchomeka kwenye gari. Pampu inalia kama ng'ombe anayechinjwa na mtu asiye na haraka.

Lakini hilo silo ninaloandikia. Bibi amefunga mizigo. Amemwambia Hemed amtafutie basi la Jumamosi arudi Bukundi. Kidonda kimeanza kufunga, daktari amesema wakiacha sasa kitarudi kibaya kuliko mwanzo, na mara hiyo hakutakuwa na kusafisha, ni msumeno. Bibi amemjibu kwamba mguu ni wake. Alichomwambia Hemed baada ya hapo ni hiki: "Siwezi kumvunja mgongo mwanamume wa watu ili mimi nitembee. Mgongo wake tayari ni mbovu. Akifa humo kwenye sanduku, nitawaambia nini ndugu zake?"

Habari ya mgongo wangu tulikuwa tunaijua watu wawili. Mimi sikumwambia. Mpapai hauna mdomo.

Baba


Mkula
2 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo.

Ni mimi. Nilimwandikia kwenye ile barua niliyosema ni salamu tu. Salamu zilikuwemo, ila hazikuwa peke yake.

Sikutaka aondoke. Nilitaka ajue. Kila barua yake iliuliza kwa nini hukohoi, kwa nini feni inasengenya, kwa nini waya, na nikaona anakudhani unalala humo kama mtu anayejipendea gari lake jipya. Nilitaka ajue kwamba kuna mtu anaumia kwa ajili yake na hasemi. Niliandika sentensi moja tu: "Baba ana mgongo mbovu lakini amesema usiambiwe." Nimeisoma tena kichwani mara nyingi. Ni sentensi fupi na haina kosa la sarufi, na ni ya kijinga kabisa.

Leo nimemwandikia nyingine. Nimemwambia akiondoka, nitakaporudi likizo nitamkuta nani wa kunisimulia mama alivyokuwa mdogo. Wewe hunisimulii. Silalamiki, nasema tu.

Tundu la godoro linatafutwa hivi: lijaze, lipake maji ya sabuni kwa sifongo, mahali panapotoa mapovu ndipo. Pakaushe, pasugue kwa msasa laini, paka gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli, subiri siku nzima.

Likizo ya Pasaka hatuji nyumbani, kuna kambi ya hesabu. Naona ni haki.

Tafadhali niandikie kama Jumamosi alipanda basi au hakupanda.

Harieth


Mkula
4 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya pili tangu barua yako ya mwisho. Kondakta wa basi sasa akiniona getini anatikisa kichwa kabla sijamwuliza. Ni mtu wa huruma, anatikisa polepole.

Pengine barua zimepotea. Pengine mpapai umekatwa. Pengine umegundua godoro zuri kiasi kwamba huamki. Nimefikiria sababu nyingi na hizi ndizo nzuri.

Kambi ya hesabu imekwisha. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kupata jibu sahihi la swali ambalo hakuulizwa.

Hemed naye haandiki. Kwa hiyo sijui kama bibi ana mguu. Nakuomba neno moja tu: yupo, au hayupo. Kwenye basi neno moja ni jepesi.

Harieth


Somanda
11 Mei 2025

Mwanangu Harieth,

Yupo.

Nisamehe. Barua zako zote mbili nilizipata. Nilikuwa sijui niandike nini, na mtu mzima asiyejua la kuandika husema ana kazi nyingi. Nilikuwa na kazi nyingi.

Jumamosi ile hakupanda basi. Barua yako ilifika Ijumaa. Hemed alimsomea, akamwambia arudie, akamwambia arudie tena, kisha akafungua mizigo. Tundu nalo nililiziba kwa gundi ya baiskeli kama ulivyosema. Godoro linashika upepo hadi asubuhi. Nikadhani mambo yamekwisha.

Wiki iliyofuata ikaja furushi kutoka Bukundi, kwenye basi, limefungwa kwa katani. Bibi alilipokea mwenyewe. Asubuhi nilipokohoa na kufungua mlango, nililikuta limetandikwa juu ya boneti: ngozi ya ng'ombe, kavu, imelainishwa, nyekundu, yenye baka jeupe ubavuni lenye umbo la jembe.

Nilimjua ng'ombe huyo hata kabla sijaigusa. Mwaka 2007 nilimpeleka Bukundi mwenyewe, kwa kamba, akiwa kati ya ng'ombe wa mahari ya mama yako. Wengine walitangulia kwa wachungaji, yule mmoja nikasema nitamwongoza mimi, ili waone kwamba hata mtu wa Tukuyu anajua ng'ombe. Mbele ya zizi lao alikataa, kisha akakubali ghafla, akaniburuta kwenye tope mpaka mlangoni. Nilikuwa na suti. Mama yako alisimama kwenye ua na kucheka mpaka akakaa chini. Hili sijawahi kukusimulia. Basi nimekusimulia.

Sasa nisikilize. Kwetu na kwao, ng'ombe wa mahari akirudi, ndoa imerudi. Anayerudishiwa ng'ombe anaambiwa, kati yetu basi. Nilisimama pale na ngozi ile mikononi, nikaelewa kwamba bibi yako amenirudishia mahari. Binti amekufa, mkwe ni wa nini? Naye ana haki. Lakini nilikuwa nalala kwenye gari kwa ajili ya ukwe, mwanangu, na nikaona nimelala bure.

Nikaenda kulala ofisini, juu ya meza ya ramani. Siku nne. Nilikuwa narudi asubuhi kumpeleka hospitali, sikohoi, sisemi, naye nyuma ya kanga hasemi. Tangu hapo nimerudi garini, lakini ngozi iko kwenye stoo, imekunjwa.

Siwezi kumwuliza. Hemed nimemwomba, amesema anaogopa, yeye ni mtu wa umeme tu. Mwulize wewe. Mwulize kwa adabu: mama, umerudisha?

Baba yako


Mkula
19 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nyuma ya bwalo ili nisionekane. Ile suti imenichekesha, ikanifanya na kitu kingine, sijui kinaitwaje.

Nilimwuliza kama ulivyosema. Jibu limekuja kwa mkono wa Hemed, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni matusi. Nayafupisha: wewe ni mtu uliyesoma mpaka macho yakaziba.

Ukurasa wa pili naunakili wote.

"Mwambie hivi. Nilisikia pampu ikilia usiku, na barua yako ikaniambia habari ya mgongo. Nikafikiri nifanye nini. Mkwe analala nje, mtoto analala ndani. Ng'ombe ndiye aliyemfanya mkwe. Nikirudisha ng'ombe mmoja, hata ngozi yake, yeye si mkwe tena. Nami nilizaa binti mmoja, sina wa kiume. Nikaagiza ngozi ile niliyokuwa nailalia mimi, nikamwekea juu ya gari lake, nikaenda kumtandikia kitanda chumbani kwake. Nikasubiri siku nne. Kitanda kikabaki vilevile. Nimemfungulia mlango, yeye amekwenda kulala juu ya meza. Mwulize, watu wa kwao wakifunguliwa mlango huwa wanafanya nini?"

Nimemaliza kunakili. Sasa naongeza langu. Nadhani hajui kusema kwa njia nyingine. Nadhani hata wewe hujui. Sauti yangu ndogo nimeitoa wapi, sasa naelewa.

Kitanda bado kimetandikwa. Hemed ameandika hivyo pembeni, kwa ruhusa yake mwenyewe.

Harieth


Somanda
26 Mei 2025

Mwanangu Harieth,

Hujambo? Mbuzi wa Hemed wamezaa, mapacha. Daktari amesema kidonda sasa kina ukubwa wa kifungo cha shati, na mwezi ujao kitakuwa kovu. Bibi alimjibu kwamba yeye alisema tangu mwanzo ni mkwaruzo wa mwiba.

Jibu lake nimelisoma mara nyingi kuliko Hemed alivyoisoma barua yako. Nilikwenda mpaka kizingitini. Nilikiona kitanda, shuka imekunjwa pembeni kama anavyokunja yeye. Nilisimama hapo muda mrefu na mgongo wangu ulikuwa na maoni yake.

Kisha nikarudi garini. Naomba umweleze kwa nini, na ueleze vizuri, maana hapa sitaki sentensi fupi.

Mwambie mlango nimeuona, na sijawahi kufunguliwa mlango mkubwa kuliko huo. Lakini nikiingia nikiwa mtoto wake, Monika, mama yako, anakuwa dada yangu. Na mimi sikuburutwa kwenye tope la Bukundi nikiwa na suti kwa ajili ya dada. Ukwe ndicho kitu alichoniachia ambacho bado nakitumia kila siku. Kila asubuhi nikikohoa, na mama yake akikohoa kule ndani, mimi bado ni mume wa mtu. Asininyang'anye.

Ngozi nimeitoa stoo. Mwambie nimeipokea kama godoro, siyo kama mahari. Nimeitandika juu ya lile la upepo, mshazari, na sijui yule ng'ombe alipimwa na nani, kwa sababu inafika pembe hadi pembe. Ngazi haisikiki, baridi ya upepo haipandi, na mgongo umenyamaza. Kwa hiyo kati ya magodoro matatu ya Mwanza, uliyachagua mawili kwa hesabu, na la kufaa likatoka Bukundi bila vipimo. Usikate tamaa na fizikia.

Haya yote usimwandikie. Hemed sasa anatoza soda kwa kila ukurasa. Mnafunga tarehe sita Juni na nitakuja kukuchukua. Tukifika, wewe utashuka, utasimama uani kwenye hatua ya sita, kati ya mlango wake na mlango wa gari, na utasema maneno haya kwa mdomo wako, yeye akiangalia mpapai na mimi nikiangalia mpapai.

Una siku kumi na moja za mazoezi. Kasimame nyuma ya bwalo, uziambie kuta. Safari hii tunakuhitaji usikike mpaka mstari wa tisa.

Baba yako,
Lusajo, mkwe wa Bukundi